Nani Alaumiwe?



Mwezi uliopita nililetewa swali na mwanafunzi wangu wa zamani, nami nimeona haifai kulijibu peke yangu pembeni, kwa kuwa ni swali ambalo kila nyumba katika mtaa wetu imepata kuliuliza siku ya msiba.

Mwanafunzi huyo nilimfundisha darasa la saba. Siku hizi ni muuguzi huko Uingereza, katika wodi ya watu waliopandikizwa mapafu. Yaani mgonjwa ambaye mapafu yake yameharibika kabisa, hata hawezi kupanda ngazi tatu bila kutweta, huondolewa mapafu yale na kutiwa mengine yaliyotolewa katika mwili wa mtu aliyekwisha kufariki. Hakunitajia jina la mgonjwa wala la hospitali, nami sikuuliza. Aliniandikia kwa simu, baada ya kuniamkia na kutaka kujua hali ya magoti yangu.

Alisema palikuwa na mwanamume mmoja wa makamo, ambaye mapafu yake yalikuwa yamekakamaa kama sifongo iliyoachwa juani. Alingoja zaidi ya mwaka mmoja. Usiku mmoja akaitwa, akapasuliwa kwa muda wa saa nyingi, akapewa mapafu mawili. Siku ya nne alikaa kitini. Siku ya sita akatembea hatua chache, binti yangu huyu akimshika kiwiko. Siku ya tisa, alfajiri, pumzi zikamkatika. Walipompiga picha wakakuta bonge la damu limeziba mshipa mkubwa unaoingia katika pafu jipya la kushoto. Wakampa dawa ya kuzuia damu isigande. Jeraha la kifuani likaanza kuvuja damu kwa ndani. Wakaipunguza ile dawa; bonge likazidi. Siku ya kumi na mbili akafariki.

Mama yake akamshika muuguzi mkono, akamwuliza, "Nani amekosea?" Muuguzi mmoja aliyesimama karibu akajibu kwamba hakuna aliyekosea, ni bahati mbaya tu. Mwingine, mcha Mungu, akasema ni mapenzi ya Mungu. Mama akawapa kisogo wote wawili. "Mwalimu," akamalizia mwanafunzi wangu, "mimi sikusema neno. Wewe ungemjibu nini?"

Nilikaa wiki tatu bila kumjibu. Kwanza ilinipasa nijifunze, kwa maana haifai mtu kuhukumu jambo asilolijua, ijapokuwa hukumu nyingi katika dunia hii hutolewa hivyo. Haya niliyoyapata nitayaeleza kidogo, nanyi mnivumilie. Mwalimu hata akistaafu mkono wake huitafuta chaki.

Mtu wa kwanza kupandikizwa pafu alipasuliwa tarehe 11 Juni 1963 katika mji wa Jackson, jimbo la Mississippi, Marekani. Kiongozi wa madaktari alikuwa James Hardy. Mgonjwa yule aliishi siku 18. (Alikuwa mfungwa wa maisha, na mtu aweza kuuliza kama mfungwa anapokubali kupasuliwa huwa amekubali kweli, lakini hilo ni swali la siku nyingine.) Kwa muda wa miaka 20 iliyofuata madaktari wa nchi mbalimbali walijaribu yapata mara 40, na karibu wagonjwa wote walikufa katika siku au wiki chache. Mmoja tu, aliyepasuliwa mjini Ghent, Ubelgiji, mwaka 1968, ndiye aliyefikia miezi 10. Ndipo mwaka 1983, huko Toronto, Kanada, Joel Cooper na wenzake walipompandikiza mgonjwa mmoja pafu, naye akaishi zaidi ya miaka sita. Tangu hapo kazi hiyo imeenea, na leo wengi wa wanaopandikizwa huongezewa miaka ambayo wasingaliiona.

Kilichowashinda wale wa kwanza hakikuwa kushona tu. Mwili hulikataa pafu la mgeni, na dawa ya kuutuliza iliyo nzuri ilikuja baadaye, tena ilitokana na ukungu uliookotwa katika udongo wa Norwei. Lakini palikuwa na jambo jingine, nalo ndilo linalotuhusu. Pafu letu la kawaida lina njia mbili za kupata damu. Iko njia kubwa, ile itokayo upande wa kulia wa moyo ikileta damu iliyochoka ili isafishwe kwa hewa. Tena iko njia ndogo, mishipa myembamba itokayo katika mshipa mkuu wa mwili, inayolilisha pafu lenyewe na mirija yake ya hewa. Daktari anapopandikiza pafu huiunganisha njia kubwa, lakini ile mishipa midogo kwa kawaida huachwa bila kuunganishwa. Ndiyo sababu zamani ile pahali pa kuunganisha mrija wa hewa palikuwa pakioza na kufumuka. Cooper alipazungushia utando wa mafuta uliovutwa kutoka tumboni, wenye mishipa yake ya damu, ili pale napo palishwe.

Sasa mwaona hatari. Mimi na wewe bonge la damu likituziba mshipa wa pafu, ile njia ndogo mara nyingi hulisaidia pafu lisife. Aliyepandikizwa hana msaada huo. Ni kama nyumba mbili wakati wa ukame: moja ina kisima na mto, ya pili ina mto peke yake.

Na mabonge kwa nini huja? Aliyeeleza vizuri ni daktari wa Kijerumani, Rudolf Virchow, katika miaka ya 1840 na 1850. Kabla yake wengi walidhani kwamba bonge lionekanalo katika pafu la maiti limezaliwa papo hapo. Virchow alionyesha kwamba mara nyingi huzaliwa mbali, katika mishipa ya miguu, likang'oka, likachukuliwa na mkondo wa damu mpaka moyoni na kusukumwa mapafuni. Hata leo madaktari hufundishwa sababu tatu na kuziita kwa jina lake: damu inapokwenda polepole, ukuta wa mshipa unapojeruhiwa, na damu yenyewe inapokuwa nyepesi ya kuganda. Mtu aliyetoka kupandikizwa mapafu anazo zote tatu kwa mara moja. Amelala muda mrefu. Mishipa yake imekatwa na kushonwa, na mingine imetiwa mirija ya dawa shingoni na mikononi. Na mwili wake wote umeshtuka kwa upasuaji, ukiwa tayari kugandisha damu kila pahali. Wakati mwingine bonge hujifanya pale pale penye mshono, ambapo damu hutoka pafuni kurudi moyoni. Hapo pafu hujaa maji, au kipande cha bonge hukatika kikaenda kuziba mshipa wa ubongo.

Jambo lililonishangaza katika kusoma kwangu ni hili. Kuganda kwa damu si ugonjwa. Ni ulinzi. Mtoto akijikata kwa wembe, damu ingekuwa haigandi angemalizika mbele ya macho yetu. Nguvu ile ile iliyofunga kidonda cha yule mgonjwa kifuani ndiyo iliyofunga mshipa wake wa pafu. Hakuna uovu ndani yake, kama usivyo uovu katika maji yanayozamisha mtu.

Na dawa nayo ni vivyo hivyo. Mwaka 1933, wakati wa baridi kali, mkulima mmoja wa Wisconsin, Marekani, alimpelekea mtaalamu Karl Paul Link ng'ombe aliyekufa, pamoja na ndoo ya damu isiyoganda. Ng'ombe wengi wa nchi zile walikuwa wakifa kwa kuvuja damu baada ya kula majani makavu yaliyoota ukungu. Link na wenzake walitafuta miaka kadhaa mpaka wakaipata sumu iliyokuwamo. Baadaye wakatengeneza nyingine iliyo jamaa yake, ikaitwa warfarini, ikauzwa mwaka 1948 kuwa sumu ya panya. Miaka michache baadaye madaktari wakaanza kuwapa watu kwa kipimo kidogo, na imewaokoa wengi. Ile anayopewa mgonjwa aliye kitandani hospitali ni nyingine, heparini, ambayo hupatikana katika matumbo ya nguruwe; lakini hatari ni moja. Ukizidisha, mtu huvuja damu. Ukipunguza, bonge hukua. Na mgonjwa ambaye kifua chake kimeshonwa juzi hana nafasi pana katikati ya mawili hayo. Daktari hana budi kuchagua, tena upesi, usiku, na kutochagua nako ni kuchagua.

Basi, tukirudi kwa yule mama: nani amekosea?

Nitawapa mfano kutoka kazini kwangu. Zamani mimi na mwalimu mwenzangu tulifundisha shule moja ya kijijini, na sote wawili tulikuwa tukiwatuma watoto porini kuokota kuni za jikoni. Ndiyo ilikuwa desturi. Hata wazazi waliona sawa. Siku moja mtoto aliyetumwa na mwenzangu akaumwa na nyoka, akafa. Kijiji kizima kilimgeuka. Akahamishwa kwa aibu, na baadaye akaacha ualimu. Mimi nilipandishwa cheo mwaka ule ule. Nimetafuta miaka mingi tofauti ya kazi yake na yangu sikuiona, isipokuwa kwamba nyoka hakuwa katika njia ya watoto wangu. Kama kuwatuma kulikuwa kosa, sote tulikosa. Kama hakukuwa kosa, yeye alionewa.

Ndivyo ilivyo kwa madaktari wawili wanaotoa dawa ile ile, kwa kipimo kile kile, kwa wagonjwa wanaofanana. Mmoja wa wagonjwa anapona, na daktari wake anaitwa hodari. Wa pili anavuja damu, na daktari wake anaitwa mwuaji. Nadhani si haki. Aliyetenda hupimwa kwa yale aliyoyajua na aliyopaswa kuyajua saa ile, si kwa yale tuliyokuja kuyaona sisi baada ya mazishi. Kwa hiyo yule muuguzi aliyesema kwamba hakuna aliyekosea huenda alisema kweli.

Lakini mama alimpa kisogo, nami naona alifanya vyema. Muuguzi yule alijuaje? Alikwisha kuuliza kama mgonjwa alilalamika mguu kuuma siku ya saba? Alikwisha kutazama kama dawa ya kinga ilitolewa kwa saa yake, au ilikosekana usiku mmoja kwa sababu waliokuwa zamu walikuwa wachache? Alisema "bahati mbaya" kabla ya kutazama. Na yule wa pili alisema "mapenzi ya Mungu" kabla ya kutazama vile vile. Mimi ni mkristo, wala sibishi kwamba uhai wetu umo mikononi mwa Mungu. Ila nimeona katika maisha yangu kwamba maneno hayo, yakitangulia, hutumika kufunga mdomo wa aliyefiwa, na mara nyingine hutumika kumsitiri mtu aliyesinzia zamuni.

Mnakumbuka wale watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Bwana wetu aliwaambia waliomsikiliza wasidhani kwamba wale walikuwa wakosaji kuliko watu wengine wa Yerusalemu. Nimelifundisha somo hilo mara nyingi, na kila mara palikuwa na mtoto mmoja mtundu nyuma ya darasa aliyetaka kujua ni fundi gani aliyeujenga mnara ule. Nilimkemea anyamaze. Siku hizi naona lilikuwa swali la maana. Kusema kwamba waliokufa hawakupata malipo ya dhambi zao si kusema kwamba msingi usikaguliwe.

Yule Virchow aliyafahamu yote mawili. Ndiye aliyeonyesha kwamba mtu aweza kufa ghafula kwa bonge lililotoka mguuni mwake mwenyewe, bila mkono wa mtu yeyote. Lakini ndiye pia aliyetumwa mwaka 1848 na serikali ya Prussia kuchunguza homa ya taifasi katika nchi ya Silesia ya Juu, ambayo leo sehemu yake kubwa iko Polandi. Aliwakuta watu wenye njaa, wasiosoma, waliosahauliwa. Akaandika katika taarifa yake kwamba ugonjwa ule ulikuwa na watu wa kuulaumu, nao ni watawala wenyewe waliomtuma. Jicho lake lilikuwa moja, ila alitazama kwanza ndipo akasema.

Sasa yanipasa niseme la nyumbani kwangu, maana isingekuwa haki kuwasahihisha wauguzi wa Ulaya nikajiacha mwenyewe.

Mwaka 1985 mdogo wangu wa mwisho, kijana wa miaka 19, alianguka kutoka juu ya mnazi akavunjika paja. Tulimpeleka hospitali. Mguu ukavutwa kwa kamba na vizito, naye akalazwa chali wiki sita, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Wiki ya tano alisema ndama ya mguu inamwuma, tena imevimba. Mama akaikanda kwa mafuta ya nazi. Tukamwambia aliyekuwa zamu, akasema ni kulala sana. Wiki ya sita wakamfungua, wakampa magongo. Alikwenda hatua chache hivi, akashika kifua, akaanguka mlangoni, na kabla ya kufikishwa kitandani alikuwa amekwisha. Tulipewa mwili na karatasi iliyosema moyo umesimama. Kila mtu afaye moyo wake husimama. Hakuna aliyetuambia zaidi ya hayo, wala sisi hatukuthubutu kuuliza.

Wakati ule mimi nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, nafundisha sayansi. Nilikuwa nikichora ubaoni kwa chaki nyekundu na ya buluu jinsi damu inavyotoka miguuni, inavyopanda mpaka moyoni, inavyoingia mapafuni. Njia niliyokuwa nikiichora kila mwaka ndiyo bonge lililopita kwenda kumwua ndugu yangu, na mimi sikuiona. Siwezi kuapa, kwa maana hakuna aliyempasua kutazama. Lakini mwaka 2003 mke wangu alipofanyiwa upasuaji, daktari aliyemhudumia alimwamuru aamke atembee siku ya pili, akatueleza kwa nini, akatuonyesha dalili za kuangalia mguuni. Nilimsikiliza nikaona namwona mdogo wangu.

Watu wa nyumbani walikuwa wamekwisha kupata jibu lao siku nyingi. Palikuwa na mjane mmoja, jirani yetu, ambaye mdogo wangu aligombana naye juu ya mpaka wa minazi, na katika hasira alisema, "Utaona." Maneno hayo mawili yalitosha. Baada ya arobaini alinyimwa moto na maji. Mbuzi wake alikutwa amekatwa miguu. Hata kanisani benchi lake lilikuwa tupu kuume na kushoto. Mwaka 1986 alifunga vitu vyake akaenda kukaa kwa binti yake katika kijiji kingine, akafia huko.

Mimi sikumnyima moto. Wala sikukata mbuzi. Nilinyamaza tu, na ukimya wa mwalimu kijijini huhesabiwa kuwa ni kukubali. Ubaya ni kwamba hata baada ya mwaka 2003, nilipokwisha kujua, niliendelea kunyamaza. Nilijiambia mambo ya zamani yasifukuliwe.

Nikifikiri leo, naona kwamba hospitali ile huenda haikuwa na kosa kubwa. Dawa zilikuwa haba, na wagonjwa wengi walilazwa vile vile wakapona. Huenda hata yule wa zamu, kama angeutazama ule mguu, asingekuwa na la kufanya. Lakini kama mtu mmoja angetukalisha chini akatuambia, "Mtoto wenu alilala muda mrefu, damu ikaganda mguuni, bonge likapanda mapafuni, tulifanya hivi, hatukufanya hivi," mjane yule angefia kwake. Palipokosekana maelezo ndipo alipotiwa yeye.

Basi nikamwandikia mwanafunzi wangu. Nilimwambia kwamba nadhani mama yule hakutaka mshitakiwa, ijapokuwa alitumia maneno ya mtu atakaye mshitakiwa. Alitaka hesabu. Mtunza hazina wa kanisa letu husimama kila mwaka akasoma mapato na matumizi mpaka shilingi ya mwisho, na hakuna anayedhani anafanya hivyo kwa sababu ameiba. Anafanya hivyo kwa sababu fedha si zake. Mapafu yale hayakuwa ya madaktari, na kwa kweli hayakuwa hata ya mgonjwa. Yalitolewa na mtu aliyekufa, na jamaa yake walikubali siku ya huzuni yao kuu. Anayepokea kitu cha namna hiyo yampasa aseme kilikwendaje, siku kwa siku, kikistawi au kikipotea. Kama katika kusoma hesabu kosa likionekana, na lionekane, na mwenye kukosa akiri. Kama halikuonekana, mama atakuwa amejua kwamba walitafuta.

Nilimwambia pia kwamba anapoulizwa na mfiwa, asianze na neno "hakuna." Aanze na alichokiona kwa macho yake: kwamba siku ya sita mwanawe alitembea, naye alimshika kiwiko. Hilo ni kweli, na ni yeye peke yake aliye nalo.

Alinijibu kesho yake. Akauliza jambo ambalo sikulitazamia: na wale jamaa wa marehemu aliyetoa mapafu, nao waambiwe? Kwa desturi ya kule pande mbili hazijuani majina; habari hupitia kwa wauguzi maalumu, kwa barua isiyotaja mtu. Huko nyuma wengine waliona ni huruma kuwaficha, wasifiwe mara ya pili. Niliwaza juu ya hilo usiku mzima. Mimi naona kwamba wakitaka kujua, waambiwe. Walitoa bila sharti kwamba mapafu yafanye kazi miaka mingapi. Siku 12 za pumzi, na mle ndani hatua chache za kutembea, si kitu cha kufichwa kama aibu. Wala kuwaambia uongo kwamba mapafu yangali yanapumua si huruma, kwa kuwa siku watakapojua, na watu hujua, watajiuliza ni nini kingine walichofichwa. Mwanafunzi wangu hakukubaliana nami moja kwa moja. Alisema amewahi kumwona baba aliyepokea habari kama hizo, na kwamba ningemwona nami nisingesema upesi hivyo. Huenda. Yeye yuko karibu na kitanda kuliko mimi.

Baada ya kumwandikia niliona siwezi kukaa. Jumamosi iliyofuata nilipanda basi nikaenda kwenye kile kijiji nikamtafuta binti wa mjane yule. Naye sasa ni bibi, anatembea kwa mkongojo. Nilipojitaja alinikaribisha kiti, akakaa kimya. Nikamweleza yote: mnazi, wiki sita, ndama iliyovimba, magongo, bonge la damu. Nikamwambia kwamba mama yake hakuwa na hatia, na kwamba nimelijua hilo zaidi ya miaka ishirini bila kulisema.

Aliniuliza, "Mbona hukuja na maneno haya mapema, Mwalimu?"

Sikuwa na jibu, na sikujaribu kulitunga.

Akamwita mjukuu wake alete kalamu na daftari la shule. Akataka nimwandikie jina la ugonjwa ule, ili siku wakija wajomba zake, ambao hata leo hawamtaji mama yake, awaonyeshe. Niliandika kwa herufi kubwa, kama nilivyokuwa nikiandika ubaoni, BONGE LA DAMU KATIKA PAFU, na chini yake nikachora mguu, moyo na mapafu mawili, na mshale unaoonyesha njia. Mjukuu akasema amekwisha kuuona mchoro huo shuleni.